Mvinyo mwekundu mzito wa Dodoma: kuuchagua, kuupoza, kuuonja na kuulia nyama

Mvinyo mkavu wa kwanza maishani mwangu niliurudisha kaunta. Ilikuwa mwezi wa kumi, saa tisa alasiri, jua la Dodoma unalijua, na chupa ilishushwa kutoka rafu iliyokuwa juu ya friji. Mimi nilikuwa mtu wa mvinyo mtamu, ule wa kunywa na barafu kwenye harusi na vipaimara. Nikapiga funda moja: fizi zikakaza, koo likawaka, pua ikajaa pombe. Nikamwita mhudumu, "Dada, hii imechacha." Akainusa glasi, akatabasamu. "Haijachacha kaka. Hii ni kavu."

Nikaona ananizuga. Leo, baada ya miaka ya kunywa, kuuliza na kuharibu chupa kadhaa, najua alisema kweli: mvinyo mkavu ni ule ambao sukari yake karibu yote imeshageuka pombe. Mvinyo ule haukuwa na kosa. Ulikuwa na joto la chumba cha bati, ulifunguliwa dakika ile ile, na mezani hapakuwa na hata mfupa. Mvinyo mzito unadai ubaridi wa kiasi, hewa kidogo, na chakula chenye mafuta na chumvi. Ukiunyima hivyo, utakutesa.

Uzito unatoka wapi

Mjomba wangu ana ekari mbili za zabibu upande wa Mpunguzi. Agosti moja alinichumia punje nyeusi, akaniambia niibonyeze kwa vidole. Maji yaliyotoka yalikuwa karibu hayana rangi, kama ya dafu. "Sasa tafuna ganda na mbegu zake," akasema, "na usimeze haraka, mjomba." Nikatafuna. Punde ulimi ukawa kama nimekula bibo ambalo halijaiva.

Rangi na ukakasi vinakaa kwenye ganda na mbegu. Ndiyo maana mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, siku kadhaa hadi wiki mbili au zaidi, huku maganda yakielea juu na kusukumwa chini tena na tena. Ukakasi wenyewe ni kazi ya tanini, jamii ile ile inayokaza mdomo ukinywa chai ya rangi iliyokolezwa. Tanini hukamata protini zilizomo kwenye mate, mate yakapoteza utelezi, fizi zikahisi kama zimepigwa msasa. Hili likae kichwani hadi tufike kwenye mbavu za mbuzi.

Sehemu nyingine ya uzito ni pombe. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza: takriban gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia 1 ya pombe, kwa hiyo mvinyo wa asilimia 14 unahitaji zabibu zenye karibu gramu 240 kwa lita. Hapo jua letu linafanya kazi bila kuombwa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni haba na ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Mchana joto linajaza sukari kwenye tunda, usiku hewa inapoa na uchachu hauishi wote.

Kuna jambo ambalo wageni huwa hawaamini mpaka waonyeshwe. Huku karibu na ikweta mzabibu haulali msimu wa baridi kama kule Ulaya. Anayeuamsha ni mkulima mwenyewe, kwa kupogoa, na hivyo anavuna mara mbili kwa mwaka: karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Zabibu za masika hunyeshewa, magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ndugu yake ubwiri vinyoya, huzisumbua, na punje hujaa maji. Za kiangazi huwa safi zaidi na sukari imekolea. Ukikuta muuzaji anayejua mvinyo wake ulitoka mavuno gani, mshike huyo. Mimi za Agosti nalipia bila kubishana bei.

Majina utakayokutana nayo kwenye lebo

Zabibu zililetwa huku na wamisionari wa Kikatoliki, na misheni ya Bihawana ndiyo inayotajwa kwanza kila historia hiyo inaposimuliwa. Walihitaji divai ya misa. Leo mashamba yapo Hombolo, Mbabala, Mvumi, Chinangali na kwingineko, na Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Wakulima wengi huuza zabibu zenyewe, au huzikamua na kuuza kile wanachokiita mchuzi wa zabibu kwa wenye viwanda.

Zabibu nyekundu utakayoiona zaidi inaitwa Makutupora, kwa jina la eneo hilo. Hutoa mvinyo wa uzito wa kati, na kwa anayeanza safari ya mvinyo mkavu ningempa huo kwanza. Ila zipo pia mbegu zilizotoka mbali, na hizo ndizo zenye misuli.

Syrah ni ya bonde la mto Rhône, Ufaransa. Wengi huamini ilitoka mji wa Shiraz, Iran, kwa sababu ya jina lake la pili, lakini vipimo vya vinasaba vilionyesha wazazi wake ni zabibu mbili za kusini mashariki mwa Ufaransa, Dureza na Mondeuse Blanche. Ina harufu ya pilipili manga, na hayo si mashairi ya wauzaji: kemikali inayoitwa rotundoni imo kwenye Syrah na imo kwenye pilipili manga. Cabernet Sauvignon, ya Bordeaux, ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, yaani mama au baba yake mmoja ni zabibu nyeupe. Ganda lake ni nene, punje ni ndogo, ukakasi ni mwingi.

Kisha kuna Aglianico, ambayo hutamkwa "alyaniko". Nyumbani kwake ni kusini mwa Italia, mikoa ya Campania na Basilicata, kwenye udongo wa volkano unaozunguka mlima Vulture na vilima vya Taurasi. Huchelewa sana kuiva. Kule huvunwa hata Novemba. Ina vyote viwili, uchachu mkali na tanini nyingi, kiasi kwamba mvinyo wa Taurasi hauruhusiwi kuuzwa kabla ya kukaa miaka 3, angalau mmoja ukiwa kwenye pipa la mti. Kwamba zabibu hii imepandwa Dodoma ni jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria. Nayo Teroldego ya Trentino, kaskazini mwa Italia, ipo. Rangi yake inaacha midomo kama ya mtoto aliyetoka kwenye mzambarau.

Hatua ya kwanza: dukani

Soma lebo kabla ya kusoma bei. Tafuta neno la kusema kama ni mkavu au mtamu, kwa sababu kwa rangi hutajua. Angalia asilimia ya pombe: 13.5 kwenda juu, tarajia uzito. Halafu iangalie chupa yenyewe. Kizibo kilichojisukuma juu ya mdomo wa chupa, au michirizi mikavu ya mvinyo shingoni, ni dalili kwamba ilipikwa na joto, ama njiani au dukani. Chupa iliyokaa dirishani inapigwa jua iache hapo hapo, hata ikiwa na punguzo.

Usidanganyike na uzee. Mivinyo mingi ya bei ya kawaida haipati utamu wowote wa ziada kwa kukaa. Inywe ndani ya miaka miwili mitatu. Anayekuuzia chupa ya zamani kwa bei ya juu mwulize ilihifadhiwa wapi.

Hatua ya pili: nyumbani, kabla ya siku yenyewe

Mahali pabaya kuliko pote ni juu ya friji: pana joto, pana mtetemo, pana mwanga. Mahali pazuri ni chini ya kitanda, chumba kisichopigwa jua la jioni. Chupa yenye kizibo cha gome ilaze, ili mvinyo ugusane na kizibo kisikauke. Yenye kifuniko cha kuzungusha isimamishe au ilaze, haina shida.

Hatua ya tatu: kuupoza

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Utasikia mvinyo mwekundu unanywewa kwa "joto la chumba". Chumba kinachozungumziwa hapo ni cha nyumba ya mawe ya Ulaya ya zamani, siyo sebule ya Area C hapa Dodoma mwezi wa Novemba. Unachotafuta ni nyuzi 16 hadi 18. Ukizidi 20 na kitu, pombe inaruka puani na kufunika harufu ya tunda. Ukishuka hadi baridi ya soda, harufu inajificha na ukakasi unazidi. Kwa hiyo anayeunywa wa moto na anayejaza barafu wote wanauonea.

Ukiwa na friji, dakika 30 hadi 40 zinatosha kwa chupa iliyokuwa sebuleni. Ukiwa na haraka, ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu, robo saa. Maji ni muhimu, barafu tupu haiigusi chupa kote.

Na umeme ukikatika? Hapa Dodoma ina bahati ambayo Dar es Salaam hawana. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, maji hukauka haraka, na kukauka huko kunaondoa joto. Ndiyo sababu maji ya mtungi wa bibi yalikuwa baridi hata mchana. Ichukue soksi safi ya pamba, ilowanishe, ivishe chupa, iweke kivulini penye upepo juu ya sahani yenye maji kidogo. Ukirudi baada ya saa moja na nusu utaona chupa imeshuka nyuzi kadhaa. Wageni wangu hucheka soksi, kisha wanakunywa kimya. Mwezi wa sita na wa saba wala huhitaji hayo yote, usiku wenyewe unakupozea.

Hatua ya nne: kufungua na kuupa hewa

Kata karatasi ya shingoni chini ya ule ukingo, futa mdomo wa chupa. Ncha ya kizibuo iingize katikati, zungusha hadi ibaki pete moja nje, vuta taratibu. Huna kizibuo? Kisukume kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, chupa ikiwa imeegemea sinki, maana mvinyo utaruka. Ile mbinu ya kupigiza chupa ukutani ikiwa ndani ya kiatu nimeiona ikifanikiwa mara moja na ikipasua chupa mara moja.

Kuiacha tu chupa wazi mezani hakusaidii sana. Shingo ni nyembamba, hewa inagusa eneo dogo kama sarafu. Mimina wote kwenye jagi la kioo, uache dakika 45 hadi saa moja. Kama chini kuna mashapo, mimina polepole na uache kidole kimoja cha mwisho kwenye chupa. Mvinyo mchanga wenye tanini nyingi, hasa Cabernet na Aglianico, hubadilika waziwazi: unaoanza kwa kufunga mdomo huishia kutoa harufu ya zambarau na majani makavu ya tumbaku. Onja kidogo mwanzo, onja tena baada ya nusu saa. Ukifanya hivyo mara moja tu hutasahau tena jagi.

Hatua ya tano: kuonja

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo unaobana kidogo, ijaze theluthi moja tu. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe. Ukingo wa zambarau unasema mvinyo ni mchanga; ukingo wa rangi ya matofali unasema umekaa. Zungusha, nusa, nyamaza. Usitafute majina ya matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyashika. Mimi nikinusa Syrah nzuri napata zambarau, pilipili manga, moshi wa mkaa, wakati mwingine ngozi ya kiatu kipya. Na ukipata karafuu, usidhani umechanganyikiwa: yujenoli, ile inayoipa karafuu ya Zanzibar harufu yake, imo pia kwenye mapipa ya mwaloni yaliyochomwa ndani.

Sasa piga funda la kawaida, liache litembee mdomoni. Uchachu utausikia kwa mate yanayochuruzika pembeni mwa taya. Ukakasi utausikia kwenye fizi za juu. Pombe utaisikia kama joto kooni ukishameza. Uzito ni suala la kulinganisha: kuna mvinyo unaopita kama maji, kuna unaopita kama maziwa freshi, na huu tunaouzungumza unakaribia mtindi. Mwisho hesabu kimyakimya ladha inadumu sekunde ngapi. Ikiisha kabla ya tano, ulilipia lebo.

Kasoro halisi nazo zipo, uzijue ili usirudishe chupa isiyo na kosa kama mimi. Siki, au harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha: umeharibika. Kadibodi iliyoloa au godoro la stoo: kizibo kimeuchafua, rudisha. Mayai viza kidogo: upe hewa kwanza, mara nyingi huondoka. Mapovu kwenye mvinyo mkavu usiotakiwa kuwa nayo: umechachuka upya ndani ya chupa.

Hatua ya sita: chakula

Rudi kwenye ile habari ya tanini na protini. Ukitafuna nyama yenye mafuta kisha ukanywa, tanini zinapata kitu kingine cha kushika badala ya mate yako, na mafuta yanapaka mdomo. Mvinyo unalainika, nyama inaonekana tamu zaidi. Kwa hiyo mwenza wa kwanza wa mvinyo huu ni mbavu za mbuzi zilizochomwa kwa mkaa, zikiwa na yale mafuta yaliyoungua pembeni, kama za mnadani Msalato. Chumvi inapunguza uchungu wa tanini, ndimu inafanya uchachu wa mvinyo usikukere. Kile kisahani cha chumvi na ndimu ambacho mchomaji anakuwekea kimefanya nusu ya kazi.

Kilichobaki ni pilipili. Pilipili kali na pombe ya asilimia 14 zinaongezeana moto, na ukakasi unazidi juu yake. Iweke kando kwa funda mbili tatu za kwanza, utambue unakunywa nini, halafu fanya upendavyo.

Kitimoto cha kukaanga nakipa Aglianico, kwa sababu uchachu wake unakata mafuta kama ndimu. Nyama ya ng'ombe iliyochemshwa muda mrefu, yenye mifupa, inaendana na Cabernet. Pilau ya ng'ombe yenye mdalasini, karafuu na pilipili manga ni ya Syrah, wala usitafute kwingine. Kuku wa kienyeji wa Singida ni mgumu na ana ladha, lakini hana mafuta ya kushindana na hivi vyote. Mpe Makutupora iliyopozwa kidogo zaidi. Ugali wa uwele au mtama, wenye ule uchungu wa mbali, unakaa na mvinyo mkavu vizuri kuliko sembe.

Mlenda sijawahi kuuona ukipatana nao. Utelezi unafunika ulimi na mvinyo unabaki maji machungu. Nasema hivi nikijua nitagombana na shangazi zangu. Dagaa na samaki wenye mafuta ni balaa lenye sababu: madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu yakikutana na mafuta ya samaki hutoa ladha ya msumari wenye kutu. Keki nayo hapana. Chakula kikiwa kitamu kuliko mvinyo, mvinyo mkavu unageuka shubiri. Hapo ndipo ule mtamu wa harusini unapojua kazi yake, na hakuna haja ya kuudharau.

Kuhusu kiasi, piga hesabu kabla ya kufungua ya pili. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 14 ina pombe inayozidi kidogo ile ya bia nne kubwa za nusu lita zenye asilimia 5. Ukigawana na mtu mmoja, mmekunywa bia mbili mbili na zaidi. Maji yawepo mezani, gari libaki nyumbani.

Hatua ya saba: masalio

Uhamishie kwenye chupa ndogo ya soda iliyooshwa, ijae hadi shingoni, funga, weka kwenye friji. Utadumu siku tatu nne. Ukiuacha kwenye chupa yake nusu tupu sebuleni, kesho jioni utaanza kunukia siki.

Ukichoka, upikie. Kilo moja ya nyama ya paja, ikaange kwa vitunguu hadi iwe kahawia, ondoa, mimina glasi moja na nusu kwenye sufuria ile ile, kwangua vilivyoshika chini, chemsha hadi mvinyo upungue nusu, rudisha nyama na nyanya na maji, funika saa mbili kwa moto mdogo. Pombe haiishi yote kama watu wanavyodhani. Hata baada ya saa moja ya kuchemka takriban robo yake hubaki. Kama kuna mgeni asiyegusa pombe kwa imani yake, mpikie sufuria ya pili, na umwambie ipi ni ipi kabla hajanawa mikono.